Diski ya Nyumba ya Matanga

"Radi haina mikono," alisema Tusekile kwa sauti, ingawa karakana haikuwa na mtu mwingine wa kumsikia.

Alikuwa ameifungua diski ya nyumba ya Mwenyekiti juu ya kitambaa cheupe. Kwa kioo cha kukuzia alitazama ule mkono mwembamba wa kusomea ulivyopinda na kuukwaruza uso wa sahani. Waliomletea walisema imepigwa na radi asubuhi ya mafuriko. Sasa, Tusekile alikuwa ameshaona diski za radi. Hunuka kama chungu kilichoungulia, bodi yake huwa nyeusi, na mara nyingi sahani zenyewe hubaki salama salimini ndani. Bodi ya hii ilikuwa nzima, safi, haina hata alama ya moshi. Hii ilianguka, au iliangushwa, na aliyeiangusha hakutaka kusema.

Aliifunika upesi aliposikia hatua mlangoni. Hakujua kwa nini aliifunika. Tangu maji yale yashuke, watu wa Lupindo walikuwa wamejifunza kufunika vitu.

Lupindo ulijengwa baada ya Kiangazi Kirefu, na waasisi wake walikuwa watu walioumwa na nyoka, wakiona ung'ongo wanashtuka. Walikuwa wameishi katika miji ambako neno lililosemwa lilihifadhiwa na mtu mmoja, na mtu huyo akiamka vibaya alilibadilisha. Kwa hiyo walikata shauri: kila neno litakalosemwa barazani na katika chumba cha lango la bwawa lirekodiwe, lakini lisikae kwa mtu mmoja. Lingekatwa vipande vinne, kipande cha tano kiwe hesabu ya vile vinne, na vyote vitumwe kwa mtandao kwenye diski za nyumba tano za waasisi. Nyumba moja peke yake isingeweza kusoma hata herufi. Nyumba moja ikipotea, nne zilizobaki zingekokotoa kilichokuwa ndani yake. Zikipotea mbili, basi, kilio.

Na sasa zilikuwa zimepotea mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyumba ya Mzee Lwitiko, bwana maji wa siku nyingi, aliyefariki wiki chache kabla ya mafuriko. Nyumba ikifiwa Lupindo, kila chenye umeme ndani yake huzimwa mpaka matanga yaanuliwe, diski ikiwemo. Na mpaka siku hiyo hakuna mtu mjini anayelitamka jina la marehemu. Sisi tunaosimulia tunaruhusiwa, matanga yake yameshaanuliwa. Mji ulikuwa ukiendeshwa kwa diski nne, na hakuna aliyekosa usingizi kwa hilo, maana misiba ilikuwepo siku zote na siku zote mambo yalikwenda. Ya pili ilikuwa hii ya Mwenyekiti, nayo ilikufa asubuhi ileile ambayo mji mzima ulitaka kujua nini kilisemwa.

"Fundi, za kazi?" Aliyeingia alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, Bi Subilaga, mama mnene mwenye sauti laini, kitenge chake kimenyooka hata katika tope lile.

"Nzuri, Mama Mwenyekiti. Karibu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Alikitazama kitambaa cheupe, akakitazama tena. "Inasomeka?"

"Kiasi. Nimetoa nakala ya kinachosomeka. Kuna sehemu imekwaruzika."

"Sehemu ipi?"

Tusekile alijifanya anatafuta koleo. "Bado sijajua, mama."

Alijua. Ilikuwa sehemu ya alfajiri ile.

"Sikiliza," alisema Bi Subilaga. "Wapo wanaosema kazi hii usipewe wewe, kwa kuwa Ambakisye ni shemeji yako. Mimi nimewaambia namwamini Tusekile. Palipo na shimo, ataacha shimo. Hatajaza. Si ndiyo?"

"Sheria inasema hivyo, mama."

"Ndaga, mwanangu," alishukuru kwa lugha ya nyumbani, akatoka. Tusekile alibaki ameshika koleo ambalo hakulihitaji. Mtu asiye na cha kuficha haji kuliombea shimo libaki shimo. Kikulacho ki nguoni mwako, waliambiwa utotoni, na nguo aliyokuwa akiifikiria ni kile kitenge kilichonyooka.

Alfajiri ile lango la pili la bwawa lilifunguliwa, maji yakateremka Bondeni na kuwachukua watu wanne vitandani mwao. Mlinzi wa lango, Ambakisye, alisema aliamriwa na Mwenyekiti kwa simu. Mwenyekiti alisema hakuzungumza na Ambakisye alfajiri ile, si kwa simu wala kwa mdomo. Mmoja wao alikuwa anadanganya, na anayefungua maji bila amri hutolewa nje ya uzio bila kadi ya maji. Nje ya uzio hakuna kisima. Hakuna aliyewahi kutolewa akaonekana tena.

Tusekile hakuhitaji mashine imwambie nani mwongo. Ambakisye ndiye aliyemuuguza mkewe Atupele, dada yake Tusekile, mpaka pumzi ya mwisho, akimwogesha na kumlisha uji kwa kijiko, bila kunung'unika hata siku moja. Mtu wa namna hiyo hafungui maji juu ya watu waliolala kwa sababu amejisikia tu.

*

Mjazi alikuwa mashine ya kujaza mapengo. Ukimpa saa nyingi za sauti ya mtu, alijifunza jinsi anavyosema, anavyokohoa, anavyovuta maneno akichoka. Halafu ukimwonyesha pengo, aliliziba kwa kile ambacho mtu huyo angekisema. Shuleni walimtumia kurudisha nyimbo zilizoharibika, na zilirudi vizuri ajabu. Kwa ushahidi ilikuwa mwiko. Fundi akimtumia, kila alipojaza lazima iwekwe kengele isikike, na chochote kilichosikika chini ya kengele hakikuhesabiwa. Anayeiweka kengele ni fundi. Na Lupindo ulikuwa na fundi mmoja.

Nisikie tu, alijiambia. Kusikia si kutumia. Ndivyo anavyosema kila mtu anayefunua sufuria ya jirani.

Mjazi alihitaji sauti nyingi, na diski nzima yenye sauti nyingi aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ile ya nyumba ya matanga; baraza lilikuwa limeagiza diski zote tano ziletwe karakana, na nje ya nyumba ile mwiko haukuihusu. Hakuikagua. Ya nini? Ilizimwa siku ya msiba, kila mtu anajua, ilikuwa na mambo ya zamani tu. Aliiunganisha na nyingine kwa heshima, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya wafiwa. Akamwonyesha Mjazi lile pengo la alfajiri, akachemsha chai, akasubiri. Chai ilipopoa, sauti ilikuwa tayari.

"Ambakisye, fungua lango la pili," ilisema sauti ya Bi Subilaga, ile laini. "Usisubiri."

"Mama, na watu wa Bondeni?" Hiyo ilikuwa ya Ambakisye, na woga wake wote.

"Fungua. Mwambie Mzee Lwitiko nimeidhinisha mimi."

"Sawa, mama."

Tusekile alilia. Alilia kwa furaha kabisa, mikono kichwani, kwa sababu shemeji yake hakuwa mwongo, na kwa sababu yule mama alikuwa amekuja hapa kumwita mwanangu. Akairudia. Aliporudia ndipo nywele za shingoni zilipomsimama.

Mwambie Mzee nani?

Siku ile Mzee alikuwa kaburini, udongo bado mbichi. Na hata kama Mwenyekiti angechanganyikiwa kiasi gani, asingelitamka jina lile. Watoto wadogo wa Lupindo hawalitamki jina la marehemu kabla ya matanga kuanuliwa, wakisahau wanapigwa kofi. Mjazi hakuzika mtu wala hakulia msiba. Alijifunza kwenye diski ambamo bwana maji alikuwa hai, anagomba kila siku, kwa hiyo akamweka hai.

Sauti ile haikuwahi kusemwa na mtu yeyote.

Alikaa nayo muda mrefu. Sentensi moja tu ndiyo iliyokuwa na kasoro, na kuitoa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Ukiitoa, inabaki amri safi isiyo na doa. Kengele haiwekwi. Ambakisye anarudi nyumbani, na Bi Subilaga anapata anachostahili, maana kama hakuwa na hatia diski yake aliiangushia nini? Labda ndivyo ilivyokuwa hasa. Labda uongo huu ulikuwa umeangukia kwenye ukweli. Tusekile alijishika akifikiri hivyo na akajiogopa. Akifanya leo, basi kuanzia leo kila sauti iliyomo katika nyumba tano itakuwa yake yeye, aifanye atakavyo, na waasisi wale na nyoka wao watakuwa wamehangaika bure.

Alitaka angalau ajue ni mambo ya zamani kiasi gani aliyomlisha Mjazi. Kila diski huwa na alama ya mara ya mwisho ilipoandikwa. Akafungua alama ya diski ya nyumba ya matanga, jambo ambalo fundi yeyote mgeni angelifanya kabla ya yote, na yeye hakulifanya kwa adabu tu.

Haikuwa siku ya msiba. Ilikuwa alfajiri ya mafuriko.

*

Sekela, binti wa marehemu, alikuwa akipepeta mchele uani, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Tusekile alitoa pole zote zinazotakiwa, akakalia kigoda, akangoja shangazi waliokuwepo waingie ndani.

"Sekela, mdogo wangu. Diski ya hapa iliwashwa."

Ungo ulisimama. "Nani kasema? Hapa hakuna aliyewasha kitu, dada. Unataka kutuletea maneno msibani?"

"Yenyewe imesema."

"Basi inadanganya. Kwani siku hizi kipi hakidanganyi?" Sauti yake ilipanda, na Tusekile alianza kumshuku naye pia. Nyumba hii nayo ilikuwa na mkono katika jambo hili? Nani alimtuma? Mwenyekiti?

"Aliyekuambia uiwashe ni nani?"

Sekela alimtazama kwa mshangao wa kweli, kisha akaanza kulia. "Nani aniambie? Nilitaka kumsikia baba." Alijifuta kwa mgongo wa mkono wenye pumba. "Katika sauti za lango kuna mahali anawagombeza vijana kwa sababu ya koleo. Anagombeza mpaka anaanza kucheka mwenyewe. Niliamka kabla ya wengine, nikawasha ili nitafute pale. Diski peke yake haisomeki, sivyo? Nikaiunganisha na mtandao. Nilimsikia kidogo. Halafu nikasikia mngurumo wa maji, watu wakipiga kelele, nikazima."

Tusekile alifumba macho. Kwa muda ule mfupi diski ya nyumba ya matanga ilikuwa imerudi kundini, na kila kilichosemwa katika chumba cha lango kilikuwa kimeandikwa ndani yake pia. Haikuwa ya zamani hata kidogo. Pamoja na zile tatu nzima, zilitimia nne. Hapakuwa na pengo lolote la kujazwa.

"Nikipeleka barazani lazima nitaje kila kipande kimetoka wapi," alisema. "Watajua ulivunja matanga."

Mchele ulipepetwa tena kidogo, bila kupepetwa hasa.

"Shangazi watanila nyama," alisema Sekela. "Sema tu, dada. Baba angenichapa, halafu angesema sema."

*

Ile sauti ya kweli Tusekile aliisikiliza mara moja tu. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye ghala walipomfungia Ambakisye, akamkuta amekaa juu ya magunia, amekonda, ndevu zimemwota ovyo.

"Shemeji," alisema Ambakisye, akainuka. "Umepata?"

"Nimepata mbili. Moja ya mashine, moja yenu."

Akamweleza ile ya mashine. Ambakisye alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipofika kwenye ile ya kweli, Tusekile alisita, kwa sababu alikuwa na hasira, na mtu aliyemkasirikia ndiye huyu aliyemlisha dada yake uji.

"Ulituambia uliamriwa."

"Niliwaambia hivyo."

"Alikuambia usifungue."

"Maji yalikuwa yamepita alama, shemeji. Ukuta wa bwawa ulikuwa unalia. Ukuta ukienda, hakuna Bondeni wala Juu, tumekwisha wote."

"Hilo nimelisikia. Ungesema hilo!"

Ambakisye alikaa tena juu ya magunia. Nje mtu alikuwa akipasua kuni, na alingoja shoka litue.

"Cheza ile ya mashine," alisema.

Tusekile alidhani hakusikia vizuri.

"Ile nyingine, shemeji. Nakuomba kwa jina la Atupele. Si kwa ajili ya uzio. Katika ile ya mashine nilitumwa tu. Katika hii ya kweli nilijua. Nilijua wamelala pale chini, nawajua kwa majina, nikafungua. Nitawatazamaje?"

"Na Bi Subilaga ahukumiwe kwa maneno ambayo hakuyasema?"

"Yeye si alikataa kupiga king'ora cha kuwaamsha?"

"Basi na ahukumiwe kwa hilo."

Tusekile aliondoka bila kumuaga. Njiani alimchukia, akamhurumia, akamchukia tena. Alijichukia na yeye mwenyewe, kwa sababu siku zote hizi alikuwa amemshuku kila mtu mjini isipokuwa yule aliyemtaka awe msafi. Hata alipofika barazani, mashine ikiwa mikononi, bado zilikuwamo ndani yake sauti zote mbili, na kidole kimoja kingetosha kuchagua.

*

Watu wa Bondeni waliketi mbele, kama ilivyo haki ya wafiwa. Kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa sehemu ya shauri, kiti kilikaliwa na makamu wake, mzee mkimya aliyekuwa zamani mwalimu wa hesabu. Bi Subilaga aliketi kando, Ambakisye upande wa pili kati ya walinzi wawili.

Tusekile alisimama. Alitaja vipande vimetoka nyumba zipi. Aliposema nyumba ya matanga, mnong'ono ulipita ukumbini, na shangazi mmoja akaguna kwa nguvu makusudi. Sekela alikaza macho mbele. Uso wa Bi Subilaga ulibadilika polepole. Alikuwa amekuja kusikia shimo.

"Hakuna kilichojazwa," alisema Tusekile, na alipolisema alijua kidole kimeshachagua. "Hamtasikia kengele."

Akabonyeza.

"Mama, maji yamepita alama," ilisema sauti ya Ambakisye, ikihema. "Ukuta unatoa mlio. Ufunguo wa king'ora uko kwako. Piga, watu wa Bondeni watoke, ndipo nifungue."

"King'ora saa hizi?" Bi Subilaga, mzito kwa usingizi. "Mwaka jana tulipiga bure, mji mzima ukakaa mlimani na magodoro. Hapana. Usifungue. Pakipambazuka nitakuja nione mwenyewe."

"Mama, hapatapambazuka."

"Nimesema usifungue."

Simu ikakatika. Kilichofuata kilikuwa maji tu, na mtu anatembea huku na huku, na simu ikiita bila kupokelewa. Iliita tena. "Mama, piga king'ora basi," alisema Ambakisye, bila kumwambia mtu. Maji tena, kwa muda mrefu. Kisha kilio cha chuma cha lango.

Bi Subilaga alikuwa ameshika pembe ya kitenge chake. "Diski nilitaka kuichomoa tu," alisema, hajaulizwa. "Ikaniponyoka."

Makamu alisema kwamba Ambakisye alifungua bila amri na kisha akalidanganya baraza, na kwa sheria anatolewa, ila wafiwa wana neno la kwanza. Akamtazama Mama Ipyana. Ipyana alikuwa mwanawe wa pekee, na alipatikana mbali sana, mahali mto unapoingia mashambani.

Mama Ipyana aliinuka. Alikuwa mwanamke mfupi, na ilibidi walio nyuma wainue vichwa kumwona.

"Rudia," alimwambia Tusekile. "Pale anapotuombea king'ora."

Tusekile alirudia.

Mama Ipyana akamgeukia Ambakisye. "Simu ilipokatika, ulisubiri?"

"Nilisubiri, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nilipoogopa."

Yule mama alitikisa kichwa mara kadhaa, si kwa kukataa, kama mtu anayehesabu jambo na kulikuta limetimia. "Mimi sitaki atolewe," alimwambia makamu. "Abaki hapa, atuone na sisi tumwone." Wafiwa wengine waliangaliana. Mmoja akasema na iwe hivyo, na waliobaki wakanyamaza, na kunyamaza kwao kukahesabiwa kuwa kukubali. Ambakisye alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

Tusekile alidhani yamekwisha, akaanza kukunja kebo. Lakini Mama Ipyana hakuwa amekaa.

"Huyu ametuambia alivyoogopa," alisema, na sasa alikuwa akimtazama Bi Subilaga. "Na wewe, mama, ulikuwa na ufunguo. Wewe uliogopa nini?"

Bi Subilaga aliikunja na kuikunjua pembe ya kitenge chake. Ilionekana anatafuta jibu jingine, na kwamba halipo.

"Kuchekwa tena," alisema.

Mama Ipyana aliinamisha sikio kidogo, kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Na nani?"